Ukurasa Mweupe wa Tak Pil-su

Jumatatu asubuhi, Bok Hye-ran hajamaliza hata kikombe cha kwanza cha kahawa ofisini kwake Busan, simu ya baba yake ikaingia. Mzee Bok Chang-deuk hakuwa mtu wa kumpigia bintiye saa za kazi. Miaka thelathini na miwili ya kuchomelea meli kiwandani Ulsan ilimfundisha kwamba mtu aliye kazini hasumbuliwi, kwa hiyo Hye-ran alipokea haraka.

"Umekula?" mzee aliuliza.

"Nimekula, baba. Kuna nini?"

"Kuna ujumbe hapa. Eti Tak Pil-su kafa."

"Kautuma nani?"

"Namba ya Mama Gyu-sik, mkewe. Umeandikwa taarifa ya msiba, halafu chini kuna yale maandishi ya buluu ya kubonyeza. Nimebonyeza…"

"Baba! Si nilikukataza?"

"Nimeshabonyeza, kelele za nini? Na wala hakuna kitu. Ukurasa mweupe pee, halafu juu kuna kamstari kadogo: umezuiwa na Orodha ya Bok. Si ndiyo lile chekeche lako?"

Hye-ran alishusha pumzi. Ndilo hasa. Tena alijisikia vizuri, kama fundi anayesikia kwamba kufuli lake limemshinda mwizi.

Chekeche ni jina la mzee. Wenyewe huita kizuia matangazo, kile kiprogramu cha bure ambacho watu hukitia kwenye kivinjari ili wasome habari bila kurukiwa usoni na picha za dawa za kupunguza tumbo. Kizuizi chenyewe hakikuwa cha Hye-ran. Walikitengeneza wengine, nacho kilikuja na orodha zake za vitu vya kuzuia. Lakini waliokitengeneza waliacha nafasi moja tupu kwenye mipangilio: mtumiaji akitaka, abandike pale anwani ya orodha ya mtu yeyote duniani, na kuanzia hapo kitu chochote kilichokatazwa na orodha hiyo hakitaonekana tena kwenye simu yake. Kwenye nafasi hiyo tupu ndipo Hye-ran alipojipatia ufalme. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kuandika programu za kuendeshea lifti, kazi ambayo hakuna aliyewahi kumshukuru. Orodha ya Bok aliianza miaka sita nyuma kwa ajili yake mwenyewe, akaiweka hadharani, na sasa watu elfu arobaini walikuwa wameibandika. Hawakumjua sura wala sauti. Kila mmoja wao alikuwa amempa mwanamke asiyemjua ruhusa ya kuamua macho yake yaone nini na yasione nini, na wala hakulifikiria hilo mara mbili.

"Futa huo ujumbe, baba," alisema. "Ni walewale."

Walewale walikuwa wezi wa msimu wa majani kudondoka uliopita. Kwetu siku hizi mtu akifa, familia haipigi simu nyumba kwa nyumba. Hutuma ujumbe wenye anwani ya ukurasa, na kwenye ukurasa unaona picha ya marehemu, ukumbi wa maombolezo, na saa ya jeneza kuondoka siku ya tatu. Wezi walishaligundua hilo. Nani atakayeacha kubonyeza akiambiwa kafiwa mwenzake? Mzee Bok alibonyeza, simu ikatekwa, nayo ikawatumia watu mia tatu waliomo ndani yake ujumbe kwa jina lake: mama yangu mzazi amefariki.

Wengi walishtuka, wengine wakavaa suti nyeusi. Tak Pil-su yeye alicheka, maana mama yake Chang-deuk alikuwa amekufa miaka kumi na moja nyuma na yeye Tak ndiye aliyemsimamia mazishi. Kwenye chakula cha kila mwezi cha wachomeleaji wastaafu, mbele ya watu kumi na wanne, aligonga meza kwa kijiti akasema, "Chang-deuk, mama yako anakufa mara ngapi? Mimi nilimbeba yule bibi, alikuwa mzito! Simbebi tena!" Watu walivunjika mbavu. Chang-deuk aliweka kijiko chini, akamwita mwenzake mbwa, akavaa viatu akaondoka. Usiku ule ule alijitoa kwenye kundi la simu la wastaafu. Sasa ilikuwa imepita miezi minane, na marafiki wa miaka arobaini hawajasemezana hata neno.

Hye-ran alilichukua jambo lile kama la kwake. Alikuwa na hasira za kimyakimya, zile mbaya zaidi. Alikaa siku mbili akaandika kanuni moja pana: ukurasa wowote ambao anwani yake inahusu taarifa ya msiba, zuia, isipokuwa kurasa za kumbi kubwa kumi na mbili ambazo yeye alizijua. Mtu mmoja alimwandikia kwamba kanuni hiyo ni pana mno, kumbi ndogo za mikoani nazo zina kurasa zao. Hye-ran alimjibu kwamba anayeona ni pana asiitumie. Kisha akaenda Ulsan, akaibandika orodha yake kwenye simu ya baba kwa mkono wake mwenyewe.

"Lakini ni namba ya Mama Gyu-sik kabisa," mzee alisema sasa. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Baba, na ule wa kwako ulitoka kwenye namba ya nani? Si ya kwako? Simu ya Mama Gyu-sik imetekwa, basi."

"Nimpigie nimuulize?"

"Usithubutu. Simu ikishatekwa, ukipiga wanapokea wao. Tena watakupigia wenyewe, utaona. Siku hizi wanalia kabisa, wanajua kulia kuliko waigizaji. Wakipiga kata, halafu uifungie namba."

"Kwa hiyo Tak hajafa."

"Hajafa, baba."

"Afadhali. Yule hana ruhusa ya kufa kabla hajaniomba radhi." Akacheka, kicheko kikavu, akakata.

Hye-ran alirudi kwenye kahawa yake. Angeweza kupiga simu moja tu, kutoka Busan, kwa simu yake yeye ambayo haikuwa na tatizo lolote. Ingemchukua dakika moja. Hakupiga kwa sababu hakuwa na shaka, na hakuwa na shaka kwa sababu kanuni aliiandika yeye.

Jumanne, saa ya chakula cha mchana, mzee alipiga tena akiwa na furaha ya mtoto.

"Wamepiga! Sauti ya kiume. Analia, binti, analia! 'Baba mdogo, njoo, tunakusubiri wewe.' Yaani kidogo nidanganyike, maana hata kukohoa kwake ni kama Gyu-sik mwenyewe. Nikamwambia, we kijana, kipaji unacho, nenda ukaigize kwenye tamthilia za jioni! Nikamkatia."

"Safi, mzee wangu. Umeifungia namba?"

"Nimefungia zote. Ya Tak, ya mkewe, ya huyo mwigizaji."

Walicheka wote wawili. Hye-ran aliwasimulia wenzake wa ofisini, nao wakacheka.

Malalamiko ya watumiaji Hye-ran aliyasoma Alhamisi tu. Alijiwekea utaratibu huo zamani, kwa sababu watu elfu arobaini wasiolipa chochote wanajua kudai. Mmoja tovuti ya karata haifunguki, mwingine picha za mapishi hazionekani. Alhamisi ile alikaa na kipande cha wali uliovingirishwa kwa mwani, akawa anayapitia moja moja huku anatafuna. La tano lilikuwa limeandikwa Jumatatu saa tano asubuhi na mtu aliyejiita Mtoto wa Uljin.

"Samahani kwa usumbufu. Ukurasa wa msiba wa baba yangu haufunguki kwa wanaotumia orodha yako. Watu kumi na mmoja wameshaniambia. Ni ukumbi mdogo wa huku kwetu lakini ni wa kweli. Anwani yake nimeiweka hapa chini. Jeneza linaondoka Jumatano asubuhi. Tafadhali sana."

Jumatano ilikuwa jana. Hye-ran alikunja uso kidogo. Aliufungulia ukumbi ule njia kwenye kanuni yake, mstari mmoja, nusu dakika, kisha akamjibu kama alivyowajibu wote: "Imerekebishwa. Asante kwa taarifa." Hata pole hakuandika. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu makini kwa kazi yake, akabonyeza ile anwani ahakikishe kwamba ukurasa unafunguka.

Ulifunguka vizuri kabisa. Kwenye picha alikuwapo Tak Pil-su na tai yake ya zambarau, akitabasamu upande mmoja wa mdomo kama alivyotabasamu kila akishinda karata za maua. Umri miaka sabini na mmoja. Mfiwa mkuu, Tak Gyu-sik, mwanawe. Ukumbi, saa, mahali pa kuchomea mwili. Na mwisho kabisa, mstari wa peke yake: Msimamizi wa mazishi, Bok Chang-deuk.

Hye-ran aliweka chakula chini. Jina hilo la mwisho haliandikwi ovyo. Huwa la rafiki ambaye familia inamkabidhi msiba mzima, kwa kuwa wafiwa wenyewe hawana akili ya kupanga kitu. Yeye husimama mlangoni kupokea watu, hupanga nani ashike jeneza upande gani, na jeneza haliondoki mpaka aseme neno. Kila aliyepata ujumbe ule alikuwa amelisoma jina la baba yake. Kila aliyekwenda alimtafuta kwa macho. Na yeye mwenyewe Chang-deuk, siku zote tatu, alikuwa kwake Ulsan, kwenye kochi, akijisifu jinsi alivyowashinda wezi.

Aliomba ruhusa, akapanda treni, na saa kumi na moja jioni alikuwa mlangoni kwa baba yake. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alikwenda kusema, hilo tusimnyang'anye.

Mzee alimfungulia amefunga aproni ya marehemu mkewe. Nyumba ilinukia supu ya maharage.

"Umekuja siku yenyewe! Kaa, kaa. Nina habari. Nimekata shauri." Alimwekea bakuli, akaketi mbele yake. "Unajua, ule ujumbe wa Jumatatu, wezi wana laana, lakini umenisaidia. Nilipoliona jina la Tak pale, Hye-ran, nilikaa chini sakafuni jikoni. Nikasema, kumbe nampenda huyu mpumbavu. Miezi minane nimekaa na kinyongo cha nini? Kwa sababu aliwachekesha watu juu yangu? Mimi mwenyewe mama yangu angesikia angecheka. Jumapili unanipeleka Uljin kwake. Simpigii, nikimpigia atapata nafasi ya kunitukana. Namtokea tu mlangoni."

Hye-ran alimtazama. Mzee alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amechukua hata kalenda ya ukutani na kuizungushia Jumapili duara jekundu.

"Baba," alianza.

"Nini?"

"Nipe simu yako nikuwekee mambo sawa. Ilisumbua Jumatatu."

Hapa sina la kumtetea. Watu hukosea, na kosa la Jumatatu lingeweza kumpata mtu yeyote anayempenda baba yake. Lakini Alhamisi hiyo Hye-ran aliishika simu akijua. Ujumbe wa Mama Gyu-sik bado ulikuwamo, mzee hakuwa ameufuta. Orodha hujisasisha yenyewe baada ya siku moja, na ikishajisasisha, mzee akibonyeza tena ukurasa ungefunguka. Kwa hiyo aliufuta ujumbe. Kisha akaingia kwenye kizuizi, sehemu ambayo mtumiaji huandika vichujio vyake mwenyewe, akaandika mstari mmoja: ukurasa wowote wenye jina la Tak Pil-su usionekane. Aliandika huku mzee anamwongezea supu, anamwambia amekonda, ale.

Alijiambia kwamba anatafuta muda. Atasema Ijumaa, kwa simu. Ijumaa ikapita. Jumamosi mzee alimwita waende sokoni wakamchagulie Tak mapea, na Hye-ran, ambaye angeweza kusema pale pale katikati ya wauza samaki, aliyachagua mapea. Aliyaminya moja moja, akayatoa yenye makovu, akahakikisha tisa yote yanalingana. Muuzaji alimsifu kwa jicho lake.

Jumapili waliondoka asubuhi. Mzee aliongea njia nzima, akipanga jinsi atakavyoingia. "Nikifika nitamwambia, nasikia umekufa. Atasema nini? Hana cha kusema!" Aligonga goti. Hye-ran alishika usukani kwa mikono miwili. Kwenye kituo cha mapumziko walisimama kula tambi, yeye akazigeuza tu na kijiti mpaka zikavimba.

"Mbona huli?"

"Tumbo, baba."

Mzee alimkazia macho kidogo, kisha akaendelea kula. Barabara ya pwani ilikuwa nyeupe na tupu. Mara tatu Hye-ran alifungua mdomo. Mara ya tatu alitamka kabisa, "Baba, kuhusu baba mkubwa Tak," na mzee akadakia, "Najua, najua, nisimtukane mbele ya mkewe. Nitajikaza." Akawasha redio.

Nyumba ya Tak ilikuwa nyuma ya soko la kaa, ya ghorofa moja, geti la kijani. Mzee alibeba boksi la mapea mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Aligonga akajiweka sawa, kifua mbele, akijizuia kucheka.

Aliyefungua ni Mama Gyu-sik. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, na kwenye nywele, upande wa kushoto, alikuwa amebana utepe mdogo mweupe wa pamba, ule ambao hakuna mtu anayeuvaa kwa sababu nyingine.

Boksi lilimteleza mzee mkononi, akalidaka kwa goti.

"Umekuja," alisema mama yule. "Leo."

"Shemeji. Shemeji, huo utepe…"

"Siku ya nne leo tangu tumchome." Hakupaza sauti. Alionekana amechoka mno hata kwa hasira. "Alisema mwenyewe hospitalini. Msimamizi awe Chang-deuk, msinitafutie mwingine. Nikamwambia mmekosana. Akasema atakuja, yule hasira zake huisha kabla supu haijapoa. Tukaliandika jina lako. Watu wanakuja, wanauliza, Bok yuko wapi? Nawaambia yuko njiani. Siku tatu nawaambia yuko njiani. Gyu-sik akakupigia analia, ukamwambia akaigize tamthilia."

Mzee alitikisa kichwa.

"Jumatano tulilichelewesha jeneza nusu saa. Dereva wa gari la maiti akawa anapiga honi. Mwisho akasimama kijana wa ukumbi kutoa neno. Jina la mume wangu alilisoma kwenye karatasi."

Upepo ulipita na harufu ya kaa wa kuchemshwa. Hye-ran alisimama hatua mbili nyuma ya baba yake, mikono mfukoni.

"Kuna kitu nataka kukuuliza," Mama Gyu-sik aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa na kitu kama kuomba. "Watu kumi na mmoja walibonyeza wakaona ukurasa mweupe. Gyu-sik kafuatilia. Anasema kuna mtu huko kaandika orodha, watu wanaitia kwenye simu, inawaficha misiba ya wenzao. Alimwandikia mtu huyo Jumatatu, akimbembeleza. Kajibu Alhamisi, maneno manne. Nimeyahesabu. Imerekebishwa, asante kwa taarifa. Mimi sijawahi kumwapiza mtu, Baba Hye-ran, lakini huyo namwapiza kila asubuhi. Sasa niambie ukweli. Na kwako ulikuwa mweupe? Maana kama ulikuwa mweupe, yamekwisha, nitakusamehe hapa hapa, uingie ule. Nitataka tu kujua nani alikutilia kitu hicho kwenye simu."

Mzee Bok aliyaangalia mapea. Hakugeuka nyuma. Hye-ran aliiona shingo yake ikikakamaa, akaelewa kwamba anajizuia kwa nguvu zote asigeuke.

"Haukuwa mweupe," mzee alisema.

"Nini?"

"Ulifunguka. Niliusoma wote, mpaka chini."

"Ukaliona jina lako."

"Nikaliona."

"Na Gyu-sik? Alipolia?"

"Nilijua ni yeye. Nilikuwa bado na hasira, shemeji."

Mama Gyu-sik aliushika mlango. Alimtazama kwa muda mrefu mtu ambaye mumewe alimsubiri, kisha macho yake yakaenda kwa Hye-ran, labda kwa sababu hakuwa na pengine pa kuyapeleka. Uso wa Hye-ran ulikuwa umebadilika rangi.

"Mama," Hye-ran alisema.

"Sema, mwanangu."

Ilikuwa sentensi moja tu. Ni mimi niliyeiandika. Aliisikia kichwani, imekamilika, iko tayari.

"Pole kwa msiba," alisema.

Mama Gyu-sik aliinamisha kichwa kwa adabu, kama anavyofanya kwa kila mtu anayempa pole. "Hayo mapea rudi nayo," alimwambia mzee. "Sitaweza kuyaweka mbele ya picha yake." Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza.

Walirudi kwenye gari. Mzee aliliweka boksi kiti cha nyuma, akalifunga mkanda ili lisianguke, akakaa mbele. Hye-ran hakuwasha gari. Mzee alilia kidogo bila sauti, akajifuta kwa kofia yake.

"Hukushtuka," alisema baadaye.

"Baba?"

"Pale mlangoni. Mimi nilipoona utepe nusura nianguke. Wewe hukushtuka. Nilikusikia unavyopumua nyuma yangu, ulikuwa unapumua kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari." Alikuwa akitazama mbele, kwenye ukuta wa soko. "Tangu lini?"

Hye-ran alifikiria kudanganya, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuweza. "Alhamisi."

"Alhamisi ulikula kwangu."

"Ndiyo."

"Nikakwambia nampenda. Neno hilo sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako kaburini kwake sijamwambia. Ukanisikiliza. Ukaniomba simu. Uliifanya nini?"

Akamweleza yote, ule ujumbe alioufuta na ule mstari alioandika. Mzee alisikiliza akikunja na kukunjua kofia.

"La Jumatatu ulikuwa unanilinda," alisema. "Na mimi ni mzee wa kubonyeza ovyo, najua. Hilo nimelichukua. Mama Gyu-sik atanichukia mpaka nife, na atawaambia wenzangu wote, na watakuwa na haki. Sawa. Ulimsikia anavyokuapiza, ningefanya nini? Wewe ni mwanangu. Lakini jana ulinichagulia mapea, Hye-ran. Uliyaminya moja moja."

"Baba, naifuta. Orodha yote, sasa hivi, mbele yako. Tazama."

Alitoa simu yake. Ikamponyoka ikaanguka miguuni, akainama kuitafuta.

"Futa usifute, mimi nitajuaje?" mzee alisema. "Mimi si naona kile unachotaka nione?"

Alipoinuka, baba yake alikuwa ameshaitoa simu ya kwake mfukoni na kuiweka juu ya kiti. Mlango ulikuwa wazi. Hye-ran alimwita. Mzee hakuharakisha wala hakugeuka. Alivaa kofia, akavuka barabara taratibu kama mtu mwenye maumivu ya goti. Kutoka pale hadi kituo cha mabasi ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na mitaa ya Uljin hakuijua. Hye-ran alimwona akimsimamisha muuza kaa mmoja kumuuliza njia, naye akamwonyesha kwa mkono, kisha, hatua chache mbele, akamsimamisha na mwingine kumuuliza swali lile lile.